Leso Isiyofuliwa

Simu iliita saa tatu usiku, siku ya tatu tangu tutoke Lamu. Nilikuwa Mombasa, nimekaa ukingoni mwa kitanda nikisoma maelezo ya dawa ya mama, ambaye kesho yake asubuhi angepasuliwa mtoto wa jicho. Aliyepiga ni jirani yetu wa ng'ambo ya uchochoro, rafiki ya mama tangu walipokuwa chuo cha Qurani, ambaye mimi humwita Khalati ingawa hatuna damu moja.

Hakuanza na salamu ndefu kama kawaida yake.

"Mwanangu, hapana nguo yako humu ambayo haijafuliwa?"

Nilinyamaza. Nyumba niliiacha inanukia udi, sakafu imepigwa deki mara mbili, shuka zimekunjwa kabatini. Na mtu mzima wa rika la mama yangu ananiuliza kama nimeacha nguo chafu.

"Ipo moja," nikasema hatimaye. "Leso. Iko ndani, kwenye tenga, nyuma ya mlango wa choo."

"Haya," akasema, akakata simu.

Ni wiki ya sita sasa tangu usiku ule, na bado swali lake linanirudia nikiwa jikoni, nikiwa kazini, nikiwa nimelala. Paka wetu, Haluwa, alikuwa hajala tangu Jumamosi. Siku ile ilikuwa Jumatatu.

## Nyumba ya msafiri

Kwetu mtu hasafiri akaiacha nyumba chafu. Sababu hatuisemi kwa sauti, lakini kila aliyelelewa na mama wa Kiamu anaijua: safari ni safari, hujui utarudi vipi. Likitokea la kutokea, watu wataingia nyumbani kwako kabla yako. Waikute ina heshima.

Kwa hiyo kabla ya safari ile nilisafisha kama sijawahi kusafisha. Nilifua shuka na foronya. Mikeka niliipandisha juu darini ikapigwa na jua mchana kutwa. Ndani kwetu ukutani mna zidaka, yaani vishubaka, na kimoja cha chini ndicho Haluwa amekifanya chake tangu akiwa mdogo wa kutosha kwenye kiganja. Humo mlikuwa na kitambaa cha leso kuukuu alicholalia miaka minne, kimejaa manyoya. Nacho nilikichemsha. Beseni lake la mchanga, ambalo siku zote hukaa chini ya ngazi, nilihamishia kiwandani, yaani uani, ili Khalati asipate taabu ya kuinama gizani. Bakuli nilinunua jipya. Na chakula nikabadilisha: badala ya samaki wa kuchemsha ninayemchanganyia na punje kidogo, nikaleta mfuko mzima wa punje za aina nyingine, nikaona mgeni asichezee miba.

Usiku, kila kitu kilipokwisha, nikafukiza udi chumba hadi chumba.

Nilijiona nimefanya hisani, kwa Khalati na kwa paka.

Paka ana tezi za harufu mashavuni, kidevuni, kwenye paji la uso na katika nyayo. Anapojisugua kwenye fremu ya mlango au mguu wa kitanda, anaweka alama yake pale, na kila siku anapita kuhakikisha ipo. Nyumba kwake ni harufu kabla ya kuwa kuta. Harufu yake ikichanganyika na yetu, ndipo anapolala tumbo wazi. Mimi nilichukua siku moja nikaifuta miaka minne, kisha alfajiri yake sisi wenyewe tukaondoka, mama na mimi, kwa mara ya kwanza pamoja.

Alibaki kwenye nyumba aliyoijua kwa macho, lakini pua ilimwambia ni ya watu wengine.

## Karatasi mbili

Nilikuwa nimemwandikia Khalati maelezo, karatasi mbili, nikazibandika kwenye mlango wa kabati la jikoni. Yaliyokuwemo siyajutii, na kwa anayemwachia mtu paka wake nayasema tena. Birika la maji lifunikwe muda wote, kwani paka akitumbukia ukuta ni laini na hana pa kushika. Parasetamoli isimkaribie hata kipande, maana ini la paka haliwezi kuivunja na kidonge kimoja chaweza kumuua. Unga wa kupe wa mbwa asipakwe kamwe. Mwingi una pamethrini, ambayo mbwa huistahimili na paka humtia kifafa. Majirani waombwe wasiweke sumu ya panya siku hizo, kwa kuwa paka akila panya aliyekula sumu, sumu ile ni yake pia.

Na mchanga. Hili niliandika kwa herufi kubwa. Paka dume mrija wake wa mkojo ni mwembamba na huziba upesi. Ukimwona anakwenda kwenye mchanga mara kwa mara, anachutama, anatoka na mchanga mkavu, huyo si wa kungojewa mpaka kesho, maana siku moja au mbili zatosha kumuua.

Nambari ya daktari wa mifugo ilikuwa juu kabisa. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kilikuwa chini ya sahani ya kidaka cha katikati.

Yote yale yalikuwa maagizo kuhusu mwili wa paka. Hamkuwa na mstari hata mmoja kuhusu hofu yake. Na hamkuwa na maneno mawili ambayo, nikifikiri sasa, ndiyo yaliyokuwa muhimu kuliko yote.

Ingia ndani.

## Ufunguo

Wanaozijua nyumba za mawe za Lamu wataelewa haraka. Unapanda baraza la daka, unaingia tekani, ukumbi mdogo wa mlangoni, unakata kona ili macho ya mpita njia yasifike popote, unatokea kiwandani. Kutoka kiwandani ni msana, ukumbi mrefu, nyuma ya msana ni chumba kinachoitwa ndani, na kila hatua ni ya mtu wa karibu zaidi kuliko ya nyuma. Mji huu uliandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2001 na wageni hupiga picha milango yetu ya nakshi, lakini kazi ya nyumba hizi ni kusitiri. Waliozijenga waliweka hata wikio, ule ukumbi unaovuka juu ya uchochoro, ili wanawake watembeleane bila kushuka njiani. Letu na la akina Khalati liliwahi kuwa moja. Lilizibwa zamani, kabla sijazaliwa, na siku hizi anayelitumia ni Haluwa peke yake, kwa kupita juu ya paa lake.

Nilimpa Khalati ufunguo Ijumaa baada ya Magharibi. Tulisimama tekani. Nilimwonyesha kufuli linavyogoma, nikamwonyesha chakula, tukasomeana dua, akaenda zake.

Jumamosi alikuja asubuhi na jioni. Jumapili vilevile. Kila mara alimwaga chakula kwenye bakuli jipya kiwandani, akabadilisha maji, akamwita, akangoja, akafunga mlango. Haluwa alikuwa ndani, juu ya kabati la nguo, nyuma ya masanduku, umbali wa hatua kumi na mbili tu.

Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakuingia kumtazama, alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Hukuniambia niingie, mwanangu. Ufunguo ni wa mlango. Ndani ni kwa mwenyewe."

Amekuwa akija kwetu tangu sijazaliwa. Ameniosha nikiwa mtoto. Lakini wenyewe hawapo, na hakuna aliyemwambia, basi akasimama pale adabu ilipomsimamisha.

Na mimi niliyempa ufunguo, nikijichunguza kwa haki, sikuwa na hakika kama nilitaka aingie. Niliisafisha nyumba yote ili atakayeingia asione kitu. Pengine hata kumwonyesha chumba changu nilikuwa nakwepa. Hilo ndilo lililonichoma wiki hizi, kuliko bakuli na kuliko mfuko wa punje.

## Wanaokuzungukieni

Kuna jambo nililolitafakari sana kabla ya kuondoka, nalo ni kama nimfungie au nimwache atoke. Paka wa Lamu ni wa njiani. Utawakuta kwenye diko la samaki, juu ya baraza, kwenye kivuli cha punda aliyesimama kungoja mzigo. Haluwa mchana hutoka na usiku hurudi, na mama humfungulia akisikia kucha mlangoni. Ila Khalati hawezi kuamka saa nane za usiku kumfungulia.

Tulisomeshwa sote kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Nilipokuwa mtoto nilidhani kosa lake ni kumnyima chakula. Nilipogeuza ufunguo alfajiri ile, na mashua ya kwenda Mokowe, upande wa bara, inatungoja, nilihisi neno jingine ndilo zito. Alimfungia.

Nikajipa moyo kwamba chakula kipo, maji yapo, mtu atakuja. Mimi si yule mwanamke. Lakini basi lilipofika Witu bado nilikuwa najijibu swali ambalo hakuna aliyeniuliza.

Kipo na kisa cha pili, nacho nimekishikilia zaidi. Abu Qatada aliwekewa maji ya udhu na mke wa mwanawe, paka akaja kunywa, naye akamwinamishia chombo mpaka akamaliza. Alipoona yule mwanamke anastaajabu, akamwambia Mtume amesema paka si najisi, ni katika wale wanaokuzungukieni. Neno hilo la kuzunguka ni neno la watu wa nyumbani, wanaoingia na kutoka bila hodi. Na kwa Kiswahili tuna yetu: paka wa nyumba haingwa.

Sasa kama wewe ndiye anayezungukwa, na umeondoka, yeye anazunguka nini?

Nimewasikia wengi wakisema paka hupenda nyumba, hampendi mtu. Niliwahi kuamini. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon State, Marekani, waliwaweka paka wadogo chumbani na wenyewe, wakawatenganisha kwa muda mfupi, wakawarudisha. Takriban asilimia 64 walifanya kama mtoto anavyofanya kwa mlezi anayemwamini: mwenyewe aliporudi walitulia, wakaendelea kucheza. Sikuhitaji utafiti ili nijue Haluwa ananijua. Niliuhitaji ili niache kujitetea.

## Siku ya tatu

Jumatatu baada ya Isha, Khalati alirudi mara ya tatu siku ile kwa sababu roho haikumpa. Akasimama msanani, akaita. Akamulika tochi ya simu kupitia pazia. Aliyoyaona ni macho mawili juu ya kabati. "Mato tu," alinisimulia. "Mato, na hayapepesi."

Kabla hajanipigia mimi alimpigia daktari. Nashukuru kwa hilo mpaka leo. Daktari alimuuliza mambo mawili: paka ni mnene? Na hajala kabisa tangu lini? Haluwa, tangu ahasiwe, ni mnene. Akamwambia asingoje tena. Paka, hasa mnene, akikaa siku mbili tatu bila kula, mwili huanza kuyeyusha mafuta na kuyapeleka kwenye ini kwa wingi, na ini la paka halina uwezo wa kuyashughulikia. Linajaa. Macho na ufizi huwa njano, hamu ya kula huzidi kupotea, na kutoka hapo kumrudisha ni kazi ya wiki nyingi. Akila usiku huu, sawa. Asipokula hadi asubuhi, aletwe.

Kisha daktari akamuuliza kama kuna kitu chenye harufu ya wenyewe.

Hapo ndipo simu yangu ilipoita.

Kukubali kwamba leso ipo kwenye tenga kulinigharimu kuliko nilivyotarajia. Ile ndiyo niliyoivaa usiku wa mwisho wakati wa kusafisha. Ilikuwa na jasho, na mafuta ya taa ya kibatari, na samli iliyonimwagikia. Maandishi yake ni "Wema hauozi", na upande mmoja umechanika. Nikimpa ruhusa ya leso, nimempa ruhusa ya choo changu, ya chumba changu, ya kila nilichokuwa nimekifunika. Mama alikuwa amelala pembeni, mgongo wake kwangu. Sikumwamsha. Nilikaa gizani na simu mkononi mpaka saa sita.

Na huku Lamu, haya ndiyo yaliyotokea, kama nilivyosimuliwa.

Khalati aliitandika leso chini ya kabati. Hakumwita tena. Hakunyoosha mkono. Alikaa kwenye mkeka, akampa paka mgongo, akatoa tasbihi yake akaanza uradi anaousoma kila usiku nyumbani kwake. Hakuwa amefundishwa na mtu kwamba paka akikodolewa macho huona ni vita. Alisema tu kwamba mwenye hofu hatazamwi. Bakuli la zamani alikuwa amelipata jikoni nilipolificha. Alikuwa amechemsha kipande cha changu kwao, bila chumvi, akakichambua miba kwa vidole, akakileta kikiwa bado vuguvugu, maana samaki aliyepoa hanukii.

Uradi ulikwisha akauanza upya.

Alisikia kucha kwenye mbao kwanza. Halafu kishindo kidogo. Haluwa alitembea mpaka kwenye leso, akainusa pindo lote, polepole, kutoka ncha hadi ncha. Akaukanda mkunjo mmoja kwa mikono yake ya mbele. Akalala juu yake. Khalati alisukuma bakuli nyuma kwa mkono, bila kugeuka, mpaka lilipogusa leso.

Alikula kabla ya alfajiri. Mama aliingia chumba cha upasuaji saa tatu asubuhi, na ujumbe wa sauti ulinifikia nikiwa kwenye benchi la nje. Ulikuwa na maneno mawili ya Kiamu na pumzi ndefu: "Mekula. Alhamdulillahi."

## Pambizoni

Tulirudi baada ya siku 12. Mama alivuka kutoka Mokowe ameshika miwani ya giza isipeperuke, akitaja rangi za mashua moja moja kama anayezihesabia zawadi.

Karatasi zangu zilikuwa bado kwenye kabati la jikoni. Nilizikaribia ili nizibandue, ndipo nikaona pambizoni mna wino wa bluu. Khalati aliniandikia kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili chetu, kutoka kulia kwenda kushoto, mwandiko wa chuoni wa zamani ulionyooka. Mistari yangu inakuja huku, yake inakwenda kule. Mimi husoma herufi hizo kwa shida nje ya msahafu, kwa hiyo nilisimama pale nikisoma kama mtoto, silabi kwa silabi.

Jumamosi: hakula. Jumapili: hakula. Jumatatu: hakula, mato tu. Jumanne: yeo mekula changu, kidole kimoja. Jumatano: yeo mekula na menywa maji, mchanga una maji. Alhamisi: melala juu ya leso, mepita kwangu mara moja. Ijumaa: menilalia mguu.

Nimezipiga picha. Karatasi zenyewe nimeziweka pamoja na cheti cha chanjo.

Niliomba samahani. Alinizuia nikiwa katikati ya sentensi, akauliza habari za jicho.

## Jicho la pili

Wiki ijayo tunarudi Mombasa kwa jicho la pili. Hii ndiyo sababu naandika usiku huu, kwa kuwa maandalizi yamenijia tofauti na siyaonei haya.

Sijabadilisha chakula. Samaki ni yuleyule, punje ni zilezile, na Khalati anajua kuzichanganya kwa sababu amekuwa akizichanganya yeye, mbele yangu, tangu mwezi uliopita. Beseni la mchanga limerudi chini ya ngazi. Juu ya kabati nimeweka boksi la sabuni lililotobolewa upande mmoja, kwani akitaka kujificha nataka ajifiche vizuri. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, waliripoti kwamba paka waliofika kwenye makazi ya wanyama na kupewa kasha la kujifichia walitulia mapema kuliko waliokosa. Haluwa hakukulia kwenye kasha. Lakini jana nilimkuta amelala ndani yake, mkia nje.

Kila Alhamisi jioni Khalati huja kula nasi, na tunakula ndani, siyo msanani. Mara ya kwanza alikaa ukingoni mwa mkeka. Mara ya pili mama alimvuta kwa mkono.

Kusafisha nitasafisha. Nitafagia, nitaosha vyombo, nitafuta vumbi la boriti. Hofu ile ya mama zetu naiheshimu, siwezi kuivua kama kiatu. Ila kitambaa cha kwenye kidaka hakiguswi, udi sitafukiza, na leso ninayoivaa sasa sitaifua. Nimeivaa usiku wa tatu. Nilidhani mama atapinga, maana yeye ndiye aliyenifundisha yote yale. Nilimwonyesha nitakapoitandika, juu ya kitanda changu, wazi, mahali ambapo yeyote atakayeingia ataiona kwanza.

Aliitazama kwa jicho lake jipya muda mrefu.

"Iache," akasema.

Leo jioni Khalati alibisha hodi tekani kama desturi, nikamwitikia karibu nikiwa nakuna nazi. Sikutoka kumpokea. Nilimsikia akivuka kiwanda, akivua ndara msanani, kisha nyayo zake zikaja moja kwa moja mpaka ndani bila kusimama. Haluwa alikuwa kidakani. Hakuinua kichwa.